Ngazi ya Tano ya Gitaa la Baba

Mtaa wa Kenya,
Lubumbashi,
Tarehe 9 Juni 2025.

Mpendwa kaka yangu, Yaya Amadi,

Assalaam alaykum. Pokea salamu zangu kutoka huku kwenye baridi. Vipi hali yako, na lile goti linakuachia ulale? Wifi Zaituni hajambo? Watoto wote wazima? Sisi huku, alhamdulillahi, tunapumua. Juni imeingia na upepo wake, maji ya asubuhi yanauma meno, na vumbi jekundu limeshaanza kupenya mpaka ndani ya kopo la sukari. Mama Mdogo Sikujua alibanwa na kifua hata tukaogopa, lakini sasa anamaliza bukari yake, ugali wenu huo, na anatukana watu kama kawaida, ndipo tukajua amepona.

Usishangae kwamba nakuandikia kwa karatasi. Kwa simu nikisema neno moja wewe umeshasema matatu, halafu mtandao unakatika kabla sijafika kwenye jambo lenyewe. Karatasi huwezi kuikatiza. Tena nimejitahidi kuandika Kiswahili chenu cha huko Morogoro, nimeandika "gitaa" wala si "gita", ili usije ukawasomea wanao huku unashika mbavu kama ulivyofanya mwaka juzi. Nikiteleza, vumilia. Wewe mwenyewe ulizaliwa hapa hapa mtaani Kenya, na kabla hujaenda kuoa huko ulikuwa ukisema "muntu" na "mutoto" kama sisi wengine, wala hukufa.

Jambo lenyewe ni Najma. Uliniambia mwalimu wake wa muziki amesema hana sikio, kwamba akilipiga gitaa la marehemu Baba na kuimba, sauti yake na nyuzi haviendi pamoja. Ukasema muhula ukiisha utamwachisha, mtoto akazane na hesabu, na gitaa utalirudisha Lubumbashi litafutiwe mjukuu mwingine mwenye kipaji. Ukasema pia kwamba analia. Yaya, nakuomba, usimwachishe kwanza. Nisome mpaka mwisho, kisha uamue. Wewe ndiye baba yake.

Nitaanzia mbali kidogo, kwenye magitaa ya bei rahisi, kwa sababu hiyo ndiyo kazi inayonilisha na humo ndimo jibu lilimo.

Unakumbuka jinsi ilivyokuwa tulipokuwa wadogo. Gitaa zuri lilikuwa mali ya bendi, likafungiwa kabatini na mwenye bendi akatembea na ufunguo. Mtu wa kawaida, mchimbaji wa Kambove au kibarua wa reli, alikuja kwa Baba. Naye Baba alichukua mbao nyembamba za masanduku ya chai akaunda tumbo, shingo akaichonga kwa mulombwa, ule mti wetu mwekundu, na nyuzi zikikosekana dukani alifumua waya wa breki za baiskeli. Mzee Zakari hakusomea kazi hiyo popote. Alikuwa seremala wa vitanda aliyependa muziki, basi. Hata hivyo magitaa yake yalikuwa na kifua, yalisikika mpaka barabara ya tatu, na sifa hiyo sitamnyang'anya.

Halafu yakaja yale ya kiwandani ya bei ya chini. Yalipitia Mokambo, kutoka upande wa Zambia, yamefungwa kwenye baiskeli pamoja na sabuni na mafuta ya kula. Ee, yalikuwa mazuri kwa macho! Rangi ya machungwa katikati, weusi pembeni, yanang'aa kama bibi harusi. Ukilishika sasa, ndiyo kilio. Shingo imepinda kama upinde. Nyuzi ziko juu, panya anapita chini yake bila kuinama. Vile vyuma vidogo vilivyokingama shingoni, vile Baba alivyoviita ngazi, vilikuwa vimepigwa ovyo, kimoja juu kimoja chini, na ncha zake zilikwaruza mkono kama bati. Masikio ya kukazia nyuzi yalikuwa yanateleza, ukimaliza kuweka uzi wa sita, ule wa kwanza umeshashuka. Na joto la Oktoba likifika, gundi inalainika, daraja linang'oka tumboni, pwaa, katikati ya wimbo.

Nasi tulikuwa na neno letu la kufunika aibu hiyo. Tulisema vidole havijaiva. Mtoto akilia kwamba uzi unamkata, wakubwa walimjibu: "Piga tu, vidole vitaiva." Wengine viliiva kweli, vikawa vigumu kama kwato. Wengi waliacha, nasi tukawaita wavivu. Ninapowakumbuka sasa naona hawakuwa wavivu hata kidogo. Walipewa kitu ambacho hakikutengenezwa kipigwe, kilitengenezwa kiuzwe. Hata mtu mzima mwenye mkono wa chuma asingepata muziki mule.

Leo, Yaya, mambo ni mengine kabisa. Nafungua boksi la gitaa la kiwandani, lile la bei ya chini kuliko yote ninayoyauza, lile ambalo mama mwenye meza ya nyanya anaweza kumnunulia mwanawe akijibana miezi michache. Nalitazama shingo kwa jicho moja kama Baba alivyotufundisha: imenyooka. Ndani yake wameweka chuma, na ufunguo mdogo umo ndani ya boksi, shingo ikipinda unaikaza au kuilegeza, mambo yamekwisha. Mbao zimekaushwa kwenye tanuru kabla ya kukatwa, kwa hiyo hazishtuki zikikutana na kiangazi chetu. Ngazi zinakatwa na mashine, na mashine haina siku ya kuamka na homa wala siku ya kugombana na mkewe. La kwanza na la mia moja yako sawasawa. Masikio yanashika. Unaweka nyuzi asubuhi, jioni zipo palepale.

Sisemi hayana kasoro. Pale kichwani nyuzi zinapopita bado wanaacha juu mno, nachukua tupa nashusha. Nyuzi zinazokuja nazo ni za kutupwa, nazitupa. Na baridi kavu kama hii ikikaza, mbao zinasinyaa kidogo na ncha za ngazi zinatokeza, nazipitishia msasa kabla mtu hajalipeleka nyumbani. Lakini hiyo ni kazi ya muda wa chai kuchemka, nikilinganisha na zamani ambapo gitaa moja lilikuwa linakaa benchini mpaka mwenyewe anasahau kwamba analo. Wapo pia matapeli, huwezi kukosa. Yale yenye picha za wanyama, yanayouzwa karibu na ndoo za plastiki, ni midoli, usimnunulie mtu unayempenda.

Watu huniuliza kama sioni uchungu, mimi binti Zakari, niliyerithi karakana, leo nauza vitu vya viwanda vya mbali. Uchungu wa nini? Baba alitengeneza magitaa kwa sababu maskini hakuwa na gitaa. Sasa maskini anapata gitaa, tena zuri. Kama ni kulilia kazi ya mkono, nina kuku wa kuchinja na nguo za kufua, kazi ya mkono haijaisha. Mimi naona ni jambo jema na nalisema waziwazi, hata kama Mama Mdogo akinisikia huniita msaliti.

Sasa sikiliza, maana hapa ndipo penye jambo la Najma.

Yupo mzee mmoja huku, Papa Kabwe, mwimbaji wa arusi. Wewe ulimwacha akiwa kijana wa suruali pana. Gitaa lake la miaka yote lilikuwa la Baba. Liliingiliwa na mchwa, akaja dukani, nikamuuzia jipya la kiwandani, tena nikalinyoosha mwenyewe mpaka likawa tamu. Halikumaliza wiki. Akarudi nalo kalibeba kama mtu aliyeuziwa samaki wa jana.

"Mama Amida, hii gita muliniuzisha iko faux," akasema, yaani ni la uongo. "Ukifika ku ngazi ya tano, haiinami! Inabakia droit tu, sawa musumari."

Nikamuuliza, "Papa, na sauti inatakiwa kuinama?"

"Eeh! Gita ya Mzee Zakari yote inainamaka. Njo utamu yake. Na sisi bote tunainama nayo."

Nikataka kumcheka, nikashindwa. Kwa sababu alikuwa anasema kweli. Unajua mwenyewe jinsi watu wa Kenya wanavyoimba kwenye arusi: wakipanda juu, sauti inashuka kidogo, kama mtu anayepita mlango mfupi. Sote tulijua huo ndio utamu wa kwetu. Waimbaji wa mitaa mingine walijaribu kutuiga wakashindwa. Hakuna aliyewahi kuuliza umetoka wapi.

Kabwe alipoondoka nikauteremsha ule ubao wa kipimo wa Baba, ule wenye mistari ya kisu, aliokuwa akiulaza juu ya kila shingo kabla ya kupiga ngazi. Nikaulaza juu ya gitaa la kiwandani la urefu uleule. Mistari minne ya kwanza ikakaribiana vizuri. Kuanzia wa tano, mambo yakaachana. Sasa, Yaya, ipo sheria moja ya gitaa ambayo haina ubishi, hata Baba aliijua kwa mdomo: ngazi ya kumi na mbili lazima ikae katikati kabisa ya uzi, kutoka kichwani mpaka darajani. Nikapima kwa kamba na kuikunja. La kiwandani liko katikati. La Baba limesogea upande wa kichwa, upana wa ukucha wa kidole kidogo, kwa hiyo uzi ukibonyezwa hapo unabaki mrefu mno na sauti inashuka.

Nikakaa chini. Kisha nikaikumbuka ile hadithi yake, ile aliyoisimulia kila sikukuu mpaka tukawa tunaimalizia sisi. Jinsi mtu wa reli alivyomletea gitaa la Ulaya, shingo imevunjika chini ya ngazi ya nne. Jinsi alivyokata pale palipopasuka, akapunguza mpaka mbao ikawa safi, akaunganisha kwa gundi, na mshono wenyewe hauonekani. Jinsi mtu wa reli alivyokuja kulichukua na kushika kichwa kwa mshangao. Na jinsi yeye, mjanja, kabla ya kulirudisha, alivyochukua ubao na kisu akanakili ngazi zote, ndipo akaanza kutengeneza ya kwake.

Umeona? Alilipima baada ya kulipunguza. Kile kipande alichokikata kati ya ngazi ya nne na ya tano, alikikata na kwenye magitaa yake yote, moja baada ya jingine, mpaka anaingia kaburini. Na sisi tulioisikia hadithi hiyo mara zote hizo tulipiga makofi tu. Mtaa mzima uliimba kwa magitaa yale, watu wakajifunza kuinama nayo, na wote wakiinama pamoja, nani atajua kwamba wameinama?

Simdharau Baba. Alitoa kitu pasipokuwa na kitu. Na Kabwe naye simwambii amekosea, kwa nyimbo zake kuinama ndiyo kweli yenyewe, kwa hiyo nilimtengenezea gitaa la mwisho kwa ubao uleule, anainama nalo mpaka leo na watu wanamtunza. Lakini Najma hakuzaliwa mtaani Kenya. Amekulia Morogoro, masikio yake yamelelewa na redio, na kinanda cha shule, na adhana ya huko kwenu. Gitaa mlilonalo ni la Baba, linainama. Yeye hainami.

Ndiyo sababu nilikusumbua kwa simu unitumie sauti yake, moja akiwa na gitaa na moja bila. Ukanuna, ukasema natafuta nini, lakini ulituma, Mungu akulipe. Nimezisikiliza zote mbili mpaka betri ikaisha, na umeme wenyewe haukuwepo. Ile yenye gitaa, mkono wake ukiwa chini, yeye na nyuzi wanakwenda kama ndugu. Mkono ukivuka ngazi ya nne, wanaachana. Gitaa linashuka. Mtoto anabaki juu. Unamsikia kabisa anasitasita, anajishuku, anajaribu kulifuata, halafu sauti yake inakataa na kurudi mahali pake. Mwalimu wenu simlaumu, alichosikia ni kweli, vitu viwili havikukubaliana. Amekosea tu wa kumlaumu, kamlaumu mtoto badala ya gitaa. Ile isiyo na gitaa imenyooka mwanzo mpaka mwisho.

Nikaona huenda ni mapenzi ya shangazi. Nikamwita Syntiche, anayefundisha kwaya ya parokia hapa nyuma na ananunua nyuzi kwangu. Sikumwambia ni mtoto wa nani. Akasikiliza ile isiyo na gitaa, akafungua kinanda chake kidogo, akagusa hapa, akagusa pale. Akaniuliza, "Huyu mutoto anaishi wapi?" Nikamwambia mbali. Akasikitika, "Dommage. Ningemuchukua leo. Iko na sikio ya kutisha." Nikamwambia ni Mwislamu. Akasema sauti haina dini, halafu akakumbuka alikuwa na mazoezi, akaondoka na nyuzi zangu bila kuchukua mfuko.

Kwa hiyo natuma gitaa. Analileta Hénoc, dereva wa lori, mtoto wa jirani yetu, anapeleka shaba Dar es Salaam. Anapitia Mokambo kwa sababu foleni ya mpaka ule mwingine inaozesha watu, na atakupigia akikaribia Msamvu. Mpokee vizuri, mpe chai, asiondoke na njaa akaja kutusema huku. Gitaa ni lile la bei ya chini, sikukuchagulia la fahari. Nimelishusha nyuzi mpaka kidole cha mtoto kinazibonyeza bila kuumia, nimelipiga msasa pembeni, na ule ufunguo mdogo nimeufunga kwa uzi kwenye kichwa chake. Msilikaze njiani wala msiliache juani ndani ya gari.

Gitaa la Baba lisirudi huku. Litundike ukutani mbali na dirisha. Siku ukilikumbuka, lipige mwenyewe nyimbo za chini, zile zisizovuka ngazi ya nne. Humo limenyooka na lina kifua kuliko hili jipya, utasikia mwenyewe tofauti. Mtu akikuambia niling'oe ngazi nizipige upya, mwambie Amida amekataa. Lilivyo ndivyo lilivyo.

Nisalimie wifi Zaituni, mwambie kile kitenge alichoniagiza nimekiona lakini rangi haikunipendeza, naendelea kutafuta. Nisalimie Najma na kaka zake. Msalimie pia Mzee Ramazani, baba mkwe wako, kama bado anakumbuka watu. Mama Mdogo Sikujua anakusalimia na kusema uje umwone kabla hajakusahau kwa makusudi. Hénoc anakusalimia mapema, ingawa atakuona.

Barua nilikuwa nimeshaikunja hapa. Nimeikunjua tena. Yaya, lipo neno moja ambalo sijawahi kukuambia, na nisipoliandika sasa nitakuwa nimekuandikia habari za mbao tu.

Unakumbuka uani kwetu baada ya Alasiri, Baba akimaliza gitaa jipya alivyokuwa akitupanga? Anapiga sauti, tunaiimba, mmoja mmoja, ndivyo alivyokuwa akilijaribu. Wewe uliimba, ukashuka pale gitaa liliposhuka, akakupiga bega kwa furaha. Ikafika zamu yangu. Mimi sikushuka. Nakumbuka nilijaribu, ikakataa. Baba akausimamisha uzi kwa kiganja, akarudia, nikakosea tena palepale. Akasema mbele yenu wote, bila ukali, kama mtu anayesema kesho ni Jumatano: "Huyu Amida hana sikio. Mumupatie msasa asugue mbao."

Nikapewa msasa. Nimesugua mbao tangu siku ile, nikawa fundi, sijutii ufundi. Lakini sikuimba tena. Si uani, si kwenye arusi, si hata nikiwa peke yangu najipikia. Wanangu niliwalaza kwa kuwapigapiga mgongo, kimya, kwa sababu nilijua sina sikio. Wewe ulidhani ndivyo nilivyo, mtu wa kununa. Niliumia, Yaya. Niliumia sana, nikazoea, nikasahau kwamba ni maumivu.

Baba hakunichukia, nalijua hilo. Aliliamini gitaa kuliko mtoto, basi, na wewe leo umesimama mahali alipokuwa amesimama, na gitaa ni lake lilelile.

Siku ile nilipogundua kosa la ule ubao nilishusha mlango wa duka nusu, mchana. Nikachukua gitaa la kiwandani, la bei ya chini. Nikabonyeza ngazi ya tano, nikafungua mdomo. Sauti yangu ikatoka, ikakuta uzi unaingoja palepale. Nikapanda ya sita, ya saba, tupo pamoja. Nikaimba. Nililia na nikaimba. Laurentine, yule mama anayeuza vitenge mlango wa pili, akaja mbio akapita chini ya mlango akiuliza nani amekufa, kwa sababu katika ujirani wetu wote hakuwahi kunisikia nikiimba. Nikamwambia hakuna aliyekufa.

Nilikuwa nimevuka hamsini, Yaya. Najma ana miaka kumi na mmoja.

Mwenyezi Mungu akupe subira, akuponye goti, na aijaze nyumba yako sauti za watoto.

Mdogo wako anayekupenda siku zote,

Amida binti Zakari.